Shimo la Kulowekea

Mikono ya Mwanatatu ilizoea kuwashwa hata siku isipomwasha alijiona mgonjwa. Alikuwa mfumaji wa vitambaa vya upupu pale Jomvu Kuu, kama mama yake na mama wa mama yake. Upupu wenyewe si ule wa maganda ambao watoto watukutu huwapaka wenzao shuleni. Huu ni mti wa porini unaong'ang'ania mawe nyuma ya makaburi ya zamani, una majani mapana na vinywele ambavyo vikikugusa utamtaja Mungu hata kama siku hiyo hukuwa na haja naye. Shina lake likilowekwa likaoza, ndani hutoka nyuzi ndefu, ngumu, rangi ya chai ya maziwa. Nyuzi husokotwa pajani, zikafumwa, na kitambaa chake huweza kukaa miaka ishirini bila kuchanika.

Kazi hiyo ina mengi ya kufundishana. Namna ya kukata, mtu huonyeshwa. Namna ya kusokota huonyeshwa vilevile, na akikosea huchapwa kidogo kiganjani. Lakini shimo la kulowekea halionyeshwi. Kila mfumaji ana lake kwenye tope la hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, chini ya mikoko, na hamwambii mtu, hata mwanawe wa kumzaa, mpaka aone mwenyewe kwamba siku zake zimekwisha. Ukikutana na mwenzako amejitwika tita la upupu, unamsalimu na kutazama pembeni. Kumuuliza aendako ni utovu wa adabu, na kumfuata ni wizi.

Mwaka ule wa themanini na nane, shimo la Mwanatatu lilikufa. Alikwenda asubuhi moja kutoa matita yake, akakuta watu wanaojenga maghala wamemwaga kifusi cha malori mawili juu yake. Matita sita yalikuwa chini ya vipande vya saruji. Alisimama akatazama, kisha akageuka akarudi nyumbani mikono mitupu. Hata kulalamika hakuweza, maana angelalamika angekuwa amesema shimo lilikuwa wapi.

Alitafuta jingine kwa wiki mbili. Kila pahali pazuri palikuwa na mwenyewe, na yale mafundo ya kamba yaliyojitokeza kwenye tope yalimwambia ni nani, maana kila mfumaji hufunga lake. Mwisho alifika upande ambao hakuna mtu aliyekwenda, kule hori linakokata kuelekea Changamwe, chini ya bomba la kiwanda cha ngozi. Hapo palinuka kama mayai yaliyosahauliwa kapuni. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na tope nalo lilikuwa jeupe. Kaa hakuna hata mmoja. Mwanatatu aliona neno hilo la kaa, na wallahi alilifurahia, kwa kuwa kaa hukata kamba za matita. Akasema moyoni kwamba mahali panaponuka hivi hakuna atakayemfuata, akachimba, akazika upupu wake na kuukandamiza kwa mawe.

Upupu hukaa topeni siku kumi na mbili, wakati mwingine kumi na tano. Siku ya nne alikwenda kuangalia tu, kwa wasiwasi wa mtu aliyekwisha kupoteza matita sita. Aliposhika shina, ganda lilibanduka lenyewe mkononi mwake. Nyuzi zilizotoka zilikuwa nyeupe kama pamba na laini kama nywele za mtoto, na mwanamke mtu mzima yule alicheka peke yake katikati ya tope. Mikono ilimwaka mpaka kwenye viwiko. Aliipaka mafuta ya nazi na hakuitia maanani, maana mfumaji wa upupu asiyewashwa bado hajaanza kazi.

*

Bi Nyambura, mwenye duka la wageni mjini, alivishika vitambaa vile vyeupe akavigeuza mbele na nyuma, kisha akamuuliza Mwanatatu kwa nini miaka yote hii alikuwa akimletea vile vya rangi ya vumbi. Alivitaka vyote, vya kutandika mezani na vya kutundika ukutani, na bei akaiongeza mara mbili bila kuombwa. Mwanatatu hakuwa amewahi kuona mnunuzi akipandisha bei kwa hiari yake. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amenunua mabati ya upande wa jikoni, na majirani waliokuwa wakipita bila kusimama walianza kusimama.

Mwanawe wa pekee, Ishaka, alikuwa kibarua katika kiwanda hichohicho cha ngozi. Alikuwa amemwoa Rosalia, binti wa Kikamba aliyekuwa akiuza uji getini. Rosalia alisilimu akapewa jina la Rahma, na mama mkwe wake alimwita Rahma siku za furaha na Rosalia siku nyingine. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane, na Mwanatatu alikuwa amemtengea mjukuu nyuzi zilizo bora kuliko zote alizowahi kusokota.

Hilo nalo lilikuwa desturi. Katika nyumba za wafumaji, mtoto akitimiza siku saba huviringishwa katika mbeleko ya upupu iliyofumwa na bibi yake, na haivuliwi mpaka arubaini, ila kwa kuoga. Kitambaa kipya huparuza kidogo. Mtoto hulia siku mbili tatu, wazee wakaambiana kwamba upupu unamjua, kisha akanyamaza akalala. Ishaka alilia hivyo, na mama yake alilia hivyo.

Jioni moja, jua halijatua bado, Ishaka alirudi kazini akamkuta mama yake kwenye kitanda cha kufumia pale barazani. Alishika ukingo wa mbeleko, akausugua kwa vidole, akauachia.

"Mama, nyuzi hizi umelowekea wapi?"

"Palepale pa zamani."

"Pa zamani hazikutoka nyeupe hivi."

"Tope hubadilika," Mwanatatu akasema, hakuinua macho. "Na shimo la mtu haliulizwi, Ishaka. Nilikufunza."

Wiki ileile nyapara alikuwa amewakusanya vibarua na kuwaambia kwamba atakayesikika huko nje akizungumzia yanayotoka kwenye bomba asijisumbue kuja Jumatatu. Mke wa Ishaka alikuwa karibu kujifungua. Kwa hivyo alilizunguka neno kama mtu anayezunguka shimo la choo gizani.

"Nauliza tu. Hori hili si lile la zamani. Kuna pahali maji hayafai."

Mwanatatu aliinua macho sasa. "Pahali gani?"

Angejibu wakati ule, hadithi hii isingekuwapo. Lakini alitazama mabati mapya ya jikoni, akatazama mlango ambao nyuma yake Rosalia alikuwa akikohoa, akasema, "Pahali pengi," akaingia ndani kuoga. Na Mwanatatu, ambaye kwa sababu yake mwenyewe hakutaka maongezi yale yaendelee, alishukuru kimoyomoyo na kupitisha uzi.

*

Mtoto alizaliwa msichana, mnene, mwenye sauti. Wakamwita Dhahabu. Siku ya saba walikuja wanawake wa jirani, miongoni mwao wafumaji wawili, Mwidani na Mwanasaumu, ambao walikuwa wakishindana na Mwanatatu kimyakimya tangu wote watatu wana meno yote. Mbeleko ilipokunjuliwa, wanawake walisogea kuitazama. Mwidani aliigusa kwa ncha ya kidole. Hakuuliza, maana haiulizwi, lakini wakati wa kutoka macho yake yalitua kwenye makubadhi ya Mwanatatu pale mlangoni. Nyayo zilikuwa na tope kavu, jeupe, wakati tope la Jomvu yote ni jeusi.

Maji ya mfereji yalikuwa yamekatika mwezi ule, kama ilivyo kawaida yake, na ya mkokoteni yalikuwa ghali. Nyuzi ambazo zamani Mwanatatu alikuwa akizisuuza mara saba kwa maji ya mfereji, hizi alizisuuza mara moja tu horini, kando ya shimo, akazianika. Zilikauka safi, wala hazikunuka. Vitambaa vya Bi Nyambura vilikaa mezani na ukutani, vikavu, na havikumdhuru mtu. Lakini mtoto ni jasho na mkojo, na mbeleko ya Dhahabu haikukauka tangu siku ile.

Dhahabu alilia siku mbili, na nyumba ikatabasamu. Siku ya tatu ya mbeleko alilia kwa namna nyingine, kilio chembamba kisicho na kituo. Rosalia alikuja barazani amembeba, amemfunua mgongo.

"Mama, mwangalie. Amekuwa mwekundu."

"Upupu unamjua. Na babake alikuwa mwekundu."

"Kwetu mtoto akilia hivi hupelekwa hospitali."

Mwanatatu alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kukemewa, kwamba kwao hawafumi upupu, na kila nyumba ina mambo yake. Akamchukua mtoto, akamkunjia mbeleko vizuri zaidi, akambeba akimwimbia huku na huku. Mikono yake mwenyewe wakati huo ilikuwa imevimba, na ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wa kulia ulikuwa umeanza kulegea. Yeye alikuwa akiwashwa, na mtoto alikuwa akiwashwa, na kwake hilo lilikuwa jambo moja tamu, damu moja. Nasema tamu kwa sababu ndivyo alivyohisi, na baadaye hisia hiyo ndiyo aliyoshindwa kujisamehe.

Siku ya nne Rosalia alimvua mtoto akamvalisha kanga kuukuu. Mwanatatu alipomkuta hivyo aliivua ile kanga. Alimvisha tena mbeleko mbele ya jirani mmoja aliyekuja kuomba moto, na kumwambia jirani yule, Rosalia akisikia, kwamba siku hizi wana wetu huoa mbali. Rosalia alikwenda kukaa nyuma ya nyumba. Hakumvua mtoto tena.

*

Siku ya sita ya mbeleko Dhahabu hakulia asubuhi, na Mwanatatu alikuwa tayari kusema mnaona. Rosalia akamfungua ili amwogeshe. Ngozi ya mgongoni ilibaki kwenye kitambaa.

Ishaka alikuwa nyumbani, ilikuwa Ijumaa na zamu yake ilikuwa ya mchana. Aliposikia mkewe alivyoita alikuja mbio, akapokea mbeleko iliyolowa wakati Rosalia akimfunika mtoto kwa kanga. Alitaka kuitupa. Badala yake aliisogeza karibu na uso wake, akavuta pumzi, na rangi ikamwisha. Mkojo wa mtoto ulikuwa umeiamsha ile harufu ya mayai. Ishaka alikuwa akirudi nayo kwenye nywele zake kila siku kwa miaka mitatu.

"Mama. Ulilowekea wapi?"

Kulikuwa na jirani dirishani. Mwanatatu alimwona, na hata wakati ule, Mungu amsamehe, alikumbuka kwamba shimo halisemwi.

"Mama!"

"Chini ya bomba," akasema. "La kiwandani."

Ishaka alikaa chini sakafuni, mbeleko ikiwa mapajani. Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine kwamba ngozi zikiletwa hutiwa kwenye mapipa yenye chokaa na dawa inayoyeyusha manyoya mpaka yanakuwa uji, na uji huo na dawa hiyo ndivyo vinavyotoka kwenye bomba. Dawa inayoyeyusha manyoya ya ng'ombe, akasema, haishindwi na ganda la mti.

"Ulijua, na hukuniambia," mama yake akasema.

"Nilikuuliza."

"Uliniambia pahali pengi."

"Bomba hilo, mama, anayelifungua ni mimi. Kila Alhamisi. Mimi ndiye ninayezungusha lile gurudumu."

Rosalia alikuwa amesimama mlangoni, mtoto amelazwa kifudifudi mikononi, viatu amekwisha vaa. Aliwatazama kwa zamu, mama na mwana.

"Nyote wawili mlikuwa na la kusema," akasema. "Twendeni."

*

Hospitalini muuguzi alimpokea mtoto, akamuuliza Rosalia kama ni uji au ni chai aliyomwagia. Rosalia alisema si uji wala si chai. Muuguzi akamwambia kwa sauti ya kusikika benchi zima kwamba akina mama wa siku hizi wanazaa kabla ya kujua kupika, na Rosalia, ambaye alipika uji wa vibarua mia kila alfajiri tangu akiwa na miaka kumi na mitano, aliinamisha kichwa. Mwanatatu akasimama.

"Si yeye. Ni mimi. Ni kitambaa nilichomfumia."

"Kitambaa kimemuunguza?"

"Naam. Cha upupu."

Muuguzi alimtazama, akatazama mikono yake, akamwangalia mwenzake aliyekuwa mezani, wakakaribia kucheka. Kwenye karatasi aliandika kuungua, basi. Ishaka alisogea akataka kutaja dawa, kiwanda na bomba. Muuguzi aliinua kalamu, akamuuliza kama ana ushahidi na kama ameruhusiwa na mwajiri wake. Mwanatatu aliona mwanawe anavyomeza maneno, akajua aliyaona hayo barazani pia, siku ile, na akayaacha yamezwe.

Dhahabu aliishi siku nne nyingine. Alizikwa Jomvu Kuu karibu na mawe yaleyale yanayootesha upupu, katika sanda ya bafta ya dukani, maana Rosalia alisema kitu chochote kilichofumwa kwa mkono kisimguse mwanawe tena. Lilikuwa neno lake pekee matanga yote. Hakumlaumu mkwe wake, hakumkimbia mumewe. Alichota maji, akapika, akawapa wageni chai, na Mwanatatu akatamani angetukanwa.

Wanawake walikuja na kukaa naye mkekani. Walisema kwamba Mungu alimpenda zaidi, na walisema pole dada, na kweli walimhurumia. Mwanatatu aliwaona baadhi yao wakizishika zile nyuzi nyeupe zilizobaki kapuni, wakizisugua kidogo kwa vidole, wakiziacha. Hakuwa na nguvu ya kulifikiria jambo hilo.

*

Siku ya kumi baada ya mazishi alikumbuka kwamba kuna matita mawili bado yamo shimoni. Alikwenda maji yalipokupwa, adhuhuri, amechukua panga ayakate na kuyatupa, kisha alifukie shimo kwa mawe. Ishaka alikuwa amekwenda kiwandani. Ilikuwa Alhamisi, na alikuwa amekwenda, kwa kuwa matanga yana gharama na nyapara hakumpa zaidi ya siku tatu.

Chini ya bomba tope lilikuwa limechimbwa pote. Mwanatatu alihesabu mafundo ya kamba yaliyojitokeza: tisa, kumi, kumi na moja. Mawili yalikuwa yake. Fundo la kuzungusha mara tatu lilikuwa la Mwidani, na lile lenye mkia mrefu lilikuwa la Mwanasaumu. Mengine hakuyatambua, na hilo lilimtisha zaidi. Tope jeupe lilikuwa na nyayo nyingi, kubwa na ndogo, zikienda na kurudi kama njia ya kisimani.

Alianza kukata. Alikuwa amefikia kamba ya nne aliposikia sauti, akageuka akawaona Mwidani na Mwanasaumu wakishuka kati ya mikoko, matita mapya vichwani. Walisimama. Mwanasaumu alitazama pembeni kama adabu inavyotaka, lakini Mwidani alitazama panga.

"Hizo ni zangu, Mwanatatu."

"Zitoeni. Zitoeni zote. Maji haya ndiyo yaliyomuua mjukuu wangu."

Aliwaambia yote, alivyoambiwa na Ishaka, ya mapipa na chokaa na manyoya yanayogeuka uji. Alisema alipolowekea, kwa sauti, hadharani, jambo ambalo mama yake alikufa bila kulifanya. Alitegemea kwamba watashtuka. Wao walimsikiliza mpaka mwisho kwa subira ya watu waliokuja matangani.

"Dada," Mwanasaumu akasema, "msiba ni mzito. Nenda kapumzike."

"Wewe binti yako ana mimba."

"Miezi minane. Namfumia mbeleko sasa."

"Usimfumie. Wallahi usimfumie kwa hizi."

Mwidani aliweka tita lake chini. Hakuwa na hasira, alikuwa na ule uvumilivu wa mtu anayejua mwenziwe ananyima. "Bi Nyambura alipokupa bei, maji haya yalikuwa mazuri. Sasa tumeyaona na sisi, yamekuwa ya kuua. Hori ni la Mungu, Mwanatatu. Tungekuwa sisi tungekuachia pembe ya kulowekea, nawe tuachie yetu."

Juu yao, ndani ya ukuta wa kiwanda, kulisikika chuma kikizungushwa. Mwanatatu alijua ni mkono wa nani. Bomba lilikohoa mara mbili, kisha maji meupe yakaanza kutoka, vuguvugu, yakitiririka kwenye mashimo yote bila kuchagua.

Akatupa panga. Akainyoosha mikono yake mbele yao, viganja chini: kucha nne hazikuwapo, na katikati ya vidole palikuwa pabichi, pekundu.

"Basi itazameni hii."

Mwidani aliitazama. Kisha naye, kama anayemliwaza mtoto, akainyoosha yake kando ya ile, mikono miwili iliyovimba, ngozi ikibambuka kwenye vifundo.

"Ni upupu huo, dada," akasema. "Sote twawashwa."